Salamu za Taa

Siku mdogo wangu alipoleta gari lake jipya mbele ya ubao wangu, niliomba kimoyomoyo taa zake zivuke mstari.

Ubao wenyewe ni mweupe kwa chokaa, mpana kama mlango wa ghala. Unapandishwa na kushushwa kwa kamba, na umechorwa mistari miwili myeusi iliyolala. Mstari wa juu nausawazisha na kimo cha taa za gari lililosimama mita kumi kutoka pale. Wa chini uko upana wa kiganja chini yake. Dereva anakaa kitini, anawasha taa za kupishania, mimi nazima balbu ya banda, na mwanga unatua ubaoni. Ukingo wake ukilala kwenye mstari wa chini, nagonga muhuri. Ukivuka ule wa juu, hata kwa unene wa kidole, gari linarudi lilikotoka, awe mwenye nalo waziri au muuza mkaa. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Madereva wananiita Mzee wa Mstari, na wakidhani siwasikii wananiita majina mengine.

Miaka yote hiyo sijawahi kumiliki hata pikipiki. Taa za mji mzima zimepita mbele ya macho yangu, na jioni narudi nyumbani kwa miguu. Sikuwahi kuona hilo kuwa tatizo. Nilianza kuliona siku ile Kitinda alipoingia bandani, kiwiko kimetulia dirishani, akipiga mluzi.

Kitinda si jina lake, ni jina alilopewa na Mama, kwa kuwa ndiye wa mwisho kati yetu watano. Mimi ndiye wa kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, hapo hapo kwenye uwanja wa kituo, siku za mapumziko, kwa pikapu ya ofisi ambayo breki zake zilikuwa za kukisia. Alikuwa akicheka kila alipozima injini, nami nilicheka naye. Leo mwanafunzi yule ameketi kwenye kiti cha ngozi, mwalimu wake amevaa aproni yenye chokaa. Roho iliniuma, sitasema uongo.

"Kaka, leo mimi mteja," akasema. "Usinikazie macho hivyo, utakivunja kioo."

"Toa mzigo," nikamwambia. "Gari linapimwa tupu. Dereva peke yake."

Alikuwa muuza vigae vya sakafu, na buti lake lilikuwa limejaa maboksi. Angeweza kunung'unika, wateja wote hunung'unika. Yeye alikunja mikono ya shati akayashusha maboksi kumi na mawili moja moja, akayapanga ukutani, akitaja rangi ya kila moja kana kwamba nitanunua. Kisha akarudi kitini. Nikazima balbu.

Mwanga ulitua kwenye mstari wa chini, umenyooka, mweupe, bila kutetemeka. Katika miaka kumi na tisa nimeona taa zilizokaa sawasawa namna ile labda mara nne. Nilisogea karibu na ubao nikainama kutafuta kasoro, nikapangusa mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Nikapima taa ya kushoto mara ya pili. Sikupata kitu.

"Vipi, Daktari, mgonjwa atapona?" akauliza kutoka gizani.

Niligonga muhuri kwa nguvu hadi meza ikaruka.

Sasa lipo jambo moja ambalo fomu hailitaji. Kwenye magari mengi, kushoto kwa usukani, chini kidogo, kuna kigurudumu kidogo chenye namba, sifuri hadi tatu. Mzigo ukikaa nyuma, matako ya gari yanashuka, pua inainuka, na taa zilizopimwa vizuri zinaanza kuwamulika watu usoni badala ya kumulika barabara. Kigurudumu kile kinazirudisha chini. Madereva tisa kati ya kumi hawajui kipo, au wanadhani ni cha redio. Ndiyo maana kila mwenye gari la mzigo anayetoka bandani kwangu humfuata hadi dirishani na kumwambia maneno yale yale: Ukibeba mzigo nyuma, zungusha hii mpaka tatu. Maneno saba. Nimeyasema mara nyingi mno, mke wangu anasema nayatamka hata usingizini.

Nilisimama na kumtazama Kitinda akirudisha maboksi. La kwanza, la pili, la tatu. Kufikia la nane, pua ya gari ilikuwa imeshainuka, mtu wa kazi yangu hahitaji kupimiwa. Aliporudisha la kumi na mbili alijipangusa jasho, akanikumbatia na chokaa yangu yote, akasema, "Mama atafurahi kweli." Akaketi, akawasha gari. Maneno saba yalikuwa yamekaa mdomoni tayari. Niliyameza. Nilijiambia kwamba mtu mwenye kiti cha ngozi ana kitabu cha maelekezo pia, akisome.

Nilirudi ndani nikamwita anayefuata. Alikuwa mzee mwenye kigari cha kubebea kuku. Yeye nilimwambia maneno yote saba, tena nikamwonyesha kwa kidole.

*

Kwa Mama huwa tunakutana Jumapili mchana. Meza ya pale ina stuli tano na kiti kimoja tu chenye mikono, kile cha dirishani. Kilikuwa cha Baba. Baba alipofariki, Mama alinishika begani akanikalisha pale, nami nimekikalia kwa miaka minane. Jumapili ya kwanza baada ya gari, nilimkuta Kitinda amekikalia.

"Mwache mwenzio," Mama akasema kabla sijafungua kinywa. "Barabara inamuumiza mgongo. We unasimama kutwa, mgongo wako umezoea."

Niliketi kwenye stuli. Mke wangu hakuwapo. Anaendesha gari la dobi ya hospitali, na mashuka ya wagonjwa hayajui Jumapili. Laiti angekuwapo, huenda haya yote yangemalizika pale pale mezani.

"Mama, unajua kitu kilichonishangaza?" Kitinda akasema huku akijipakulia. "Mji huu una watu wazuri. Zamani nilipokuwa natembea, nani alinisalimu? Sasa hivi jioni narudi zangu, nashuka ile barabara ya mlimani, kila gari ninalopishana nalo linanipigia taa. Kila gari! Wananikonyeza kwa mbali, pa, pa. Nami nawajibu. Siwajui, hawanijui."

"Wanakujua," Mama akasema. "Mtu akiinuka anajulikana."

"Jana mmoja akanipigia mara tatu mfululizo. Nikamrudishia mara tatu."

"Mcheshi kama marehemu baba yake," Mama akaniambia mimi, kana kwamba huyo baba hakuwa wangu.

Kijiko kilinisimama mkononi. Nilielewa mara moja. Wale watu walikuwa wakimwambia punguza taa, unatupofusha, na kwa hakika ndani ya magari yao walikuwa wakimwambia mengine yasiyotamkika mezani kwa Mama. Naye kila jioni anawarudishia mwanga usoni, anatabasamu, anaona dunia imempenda. Nilitazama chini nisije nikacheka. Furaha ile ilinitia joto tumboni kama supu. Keti tu kwenye kiti cha Baba, nikasema moyoni. Mji mzima unakutukana na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

"Na wewe Kaka mbona hujasema kitu?" Kitinda akauliza. "Wewe ndiye mtu wa taa. Ni kawaida kweli?"

Alinitazama kwa uso wazi kabisa, uso wake wa uwanjani, alipokuwa akiniuliza kama klachi ndiyo ya kushoto.

"Ni kawaida," nikasema. "Watu wakipenda gari, hupiga taa."

*

Jumatano mke wangu alirudi akiwa amekunja uso. Alivua viatu, akakaa kitandani akijikanda macho kwa vidole viwili.

"Baba watoto, ninyi huko kituoni mnakagua nini hasa? Kuna mtu mmoja pale mlimani. Kila siku, jua likishazama tu, tunapishana kwenye kona ya mtaro. Taa zake zinanipiga hapa." Akajigusa katikati ya paji la uso. "Kama mita hamsini naendesha kwa kukumbuka."

"Gari gani?"

"Nitaonaje gari, nami sioni barabara? Nampigia taa apunguze. Unajua anafanya nini? Ananirudishia! Mara mbili! Kama anamsalimia mkwewe. Mtu hana haya hata kidogo."

Nilikuwa napiga pasi shati la kazi. Niliendelea kupiga pasi kola ile ile hadi ikaanza kunuka.

Nilimpa ushauri wote wa kitaalamu nilio nao. Nilimwambia asiitazame taa ya mwenzake, atazame ukingo wa barabara upande wake. Apunguze mwendo mapema. Asafishe kioo cha mbele kwa ndani, maana utando wa vumbi unatawanya mwanga. Nilimweleza kwamba jicho lililopigwa na mwanga mkali linahitaji sekunde kadhaa kurudi, na kwamba gari halisubiri sekunde hizo. Alinisikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama, kwa kuwa anaamini kazi yangu kuliko mimi mwenyewe. Nilimweleza kila kitu isipokuwa jina.

Mtu ataniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Ningetaja jina, ningelazimika kutaja na siku ile ya maboksi. Lakini hiyo si kweli yote. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka Jumapili nyingine. Nilitaka kumsikia tena akihesabu salamu zake, huku mimi kwenye stuli yangu nikijua. Wivu wangu ulikuwa umepata chakula kizuri, nami sikuwa tayari kukiondoa mezani. Nilijiahidi kwamba nitamwambia baada ya Jumapili, Jumatatu asubuhi bila kukosa.

Ijumaa mke wangu alichelewa. Si sana, saa moja hivi. Aliingia akiwa na tope hadi magotini, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, na shuka la hospitali limefungwa kwenye kiwiko hadi vidoleni.

"Nimeingia mtaroni," akasema. "Usiogope. Ni kifundo cha mkono tu, wamenifunga."

Nilimkalisha. Nikamvua viatu. Alikuwa akitetemeka kidogo kidogo, kwa ndani, nami nilihisi kutetemeka kule kwenye visigino vyake.

"Ni yule yule," akasema. "Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilitazama ukingo. Na ukingoni kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wa magodoro, jamani, mtu mzima na uzee wake, nami sikumwona. Nilimsikia. Alipiga kelele ndipo nikajua yupo. Nilikata usukani upande wa mtaro." Akafuta tope gotini. "Ningekuwa nasikiliza redio, je?"

"Hukumgusa?"

"Upana wa mkono huu." Akauinua ule mzima, kisha akautazama. "Alikuja kunisaidia kutoka. Ananipa pole yeye! Mashuka yote yameingia tope, chumba cha upasuaji wamesubiri. Na yule bwana alipita zake. Unajua alifanya nini alipokuwa anapita?"

Nilijua.

"Alinipigia taa," mke wangu akasema, na hapo ndipo alipolia.

*

Asubuhi nilifika dukani kwa Kitinda kabla hajamaliza kupakia. Aliponiona aliweka boksi chini akafungua mikono.

"Kaka! Leo umekuja kununua?"

"Fungua mlango."

Aliufungua. Niliketi kwenye kiti kile kwa mara ya kwanza. Mara tatu nilikuwa nimekataa kupanda gari lile, kila mara nikisingizia kwamba kutembea kunanyoosha miguu. Kiti kilikuwa kizuri, laini, kinamshika mtu kiunoni. Niliinama nikakitafuta kigurudumu. Kilikuwa kwenye sifuri, kama kilivyotoka kiwandani.

"Hii," nikasema. "Ukibeba mzigo nyuma, zungusha hii mpaka tatu."

"Ya nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza polepole kama ninavyowaeleza wazee, kuhusu matako ya gari na pua, kuhusu mstari ulioko ubaoni na macho ya watu yalivyo juu ya mstari huo. Alisimama akiwa ameshika mlango, akiitikia kwa kichwa. Bado alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Kumbe! Basi nilikuwa naharibu. Mbona siku ile hukuniambia?"

"Nilisahau," nikasema.

Akaridhika. Alitaka kabisa kuridhika. Alishainama kulichukua boksi lake. Ningeweza kuondoka pale nikiwa mtu mwenye kusahau tu, na nani asiyesahau? Lakini kile kisigino kinachotetemeka kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Sikusahau, Kitinda. Nilikuona unapakia. Nikanyamaza."

Alinyanyuka bila boksi.

"Ulinyamaza kwa nini? Nilikukosea nini, Kaka?"

Hapo nilitafuta jibu lenye uzito. Mtu aliyemtakia ndugu yake mabaya kwa wiki nzima anapaswa kuwa na kisa. Nilitafuta kila mahali, nikapata kimoja tu, nacho kilitokea baada ya mimi kunyamaza.

"Kiti," nikasema.

"Kiti gani?"

"Cha Baba. Cha dirishani."

Alikunja uso akijaribu kukumbuka. Niliona kwamba hakuwa na habari. Kwake kilikuwa kiti kilichokuwa wazi siku aliyoingia, na Mama akamwambia kaa. Nilikuwa nimebeba donge lile peke yangu, tangu mwanzo.

"Si ungesema tu?" akasema kwa sauti ndogo. "Ningehama."

Alizunguka akaenda mbele ya gari, akazitazama zile taa. Akaigusa moja kwa kiganja. Kisha nikamwona anaanza kufikiri, na nikajua anaelekea wapi, na hakuna namna ningemzuia.

"Kwa hiyo wale watu," akasema. "Wale waliokuwa wananipigia taa jioni."

Nilishuka kitini, nikasimama kando yake.

"Wote?"

"Wote."

"Na yule wa mara tatu?"

"Na yeye. Na jana mmoja wao alikuwa shemeji yako. Ameingia mtaroni akikukwepa, mkono umefungwa. Mzima, lakini alimkosa mtu kwa upana wa mkono."

Miaka mingi nilitamani kuona uso wa Kitinda ukianguka, hata mara moja, hata kwa jambo dogo. Sasa ulianguka mbele yangu, na haukuwa uso wa tajiri wala kipenzi cha Mama. Ulikuwa wa yule mtoto aliyezima injini katikati ya uwanja, isipokuwa safari hii hakucheka, wala mimi sikucheka naye. Aliingia dukani akatoka na kitambaa, akaanza kufuta vioo vya taa vilivyokuwa safi tayari.

"Nilikuwa nawajibu," akasema bila kunitazama. "Kila mmoja."

*

Jioni hiyo nilipanda na mke wangu kwenye gari la dobi ili nimbebee mafurushi. Mkono uliofungwa aliuweka juu ya usukani kwa hadhari, hakutaka kusikia habari ya kupumzika. Njiani nilimweleza yote, tangu maboksi hadi stuli. Nilipomaliza alishusha gia kuupanda mlima.

"Nilidhani unanifundisha," akasema. "Jumatano ile. Kumbe ulikuwa unanificha."

Hakuongeza neno. Ningependa angeongeza.

Tulifika kona ya mtaro jua likiwa limezama, anga bado ina wekundu kidogo. Pale kwenye nyasi palikuwa na alama za magurudumu yake. Gari moja lilikuwa linashuka kutoka juu, na nililijua kabla sijaliona, kwa namna mke wangu alivyokaza mabega. Kisha mabega yakalegea. Mwanga ulikuwa chini, umelala barabarani kama mkeka, ukingo wake umekatika pale pale unapotakiwa kukatika. Tuliiona njia yote. Tuliliona hata jiwe dogo upande wetu.

"Ni yeye?" mke wangu akauliza.

"Ni yeye."

Sikufikiri. Nilinyoosha mkono kupita mbele ya mke wangu, nikavuta kile kijiti cha taa mara mbili. Pa, pa. Nilitaka ajue kwamba ziko sawa. Nilitaka kumsalimu ndugu yangu. Kwa mara ya kwanza kwenye barabara ile kulikuwa na mtu aliyempigia taa kwa kumpenda.

Hakurudishia. Gari lake lilipunguza mwendo mara moja, likasogea pembeni hadi magurudumu yakaingia nyasini, likasimama. Akazima taa zake kubwa, akabakiza zile ndogo za pembeni, na kwa mwanga wa taa zetu, nyuma ya kioo, nilimwona ameinama chini ya usukani, kushoto, mkono wake ukitafuta kile kigurudumu, akijaribu kukizungusha kupita tatu.